Mlituuliza kuhusu stroki: "Wanataka kumuweka baba kwenye utafiti, nikubali au nikatae?"

Toka tuandike kuhusu dalili za kiharusi toleo lililopita barua zimekuja nyingi, na nyingi hazihusu dalili tena, zinahusu yale yanayokuja baada ya hapo: dawa mpya, tafiti, mazoezi, nani aaminiwe. Kwa wasionijua, kazi yangu ni fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa stroki, kwa hiyo haya mambo nayaishi kila siku. Nimechagua barua chache ambazo zinawakilisha zingine.

Dada, za kazi. Baba yangu ana miaka 67, hii ni wiki ya pili toka apate stroki, upande wa kulia wote hauna nguvu na maneno hayatoki vizuri. Jana daktari kaja na makaratasi anasema kuna utafiti wa dawa ya kusaidia ubongo urudi, ila kompyuta ndo itaamua kama baba apate dawa yenyewe au kidonge kisicho na kitu. Kaka yangu mkubwa kagoma kabisa, anasema mzee wetu hajaribiwi kama panya. Mimi niko katikati. Na kama dawa ni nzuri si wampe tu?
– Binti wa pili

Mdogo wangu pole sana, na mfikishie mama pole zangu. Nianze na hilo swali lako la mwisho maana ndo lenye uzito wote. Hawampi tu kwa sababu hawajui kama ni nzuri. Hawakufichi, hawajui kweli, na kitu kinachofanya wasijue ni tabia ya ugonjwa wenyewe: mtu wa stroki wiki na miezi ya mwanzo mara nyingi anarudi kiasi fulani hata usipompa kitu. Sasa wewe ukimpa chochote wiki ya pili, ikifika wiki ya nane ukaona vidole vimeanza kukunja na maneno mawili matatu yanatoka, utaapa kwamba ni kile ulichompa. Na daktari naye ataapa hivyo hivyo. Ndo maana lazima kuwe na kundi la pili la watu wanaofanana nao, wanaotunzwa sawa sawa, tofauti iwe kidonge tu, na asiwepo wa kuchagua nani aende wapi, maana mwanadamu akichagua bila hata kujijua atawaweka wenye dalili nzuri kwenye kundi analolitaka lishinde.

Nikupe mfano uliotokea kweli ili umuonyeshe na kaka. Kuna dawa ya sonona inaitwa fluoksetini. Mwaka 2011 Wafaransa walitoa utafiti wao unaitwa FLAME, wagonjwa 118 tu, waliopewa fluoksetini miezi 3 pamoja na fizio mikono na miguu yao ilipata nguvu zaidi kuliko wenye kidonge bandia. Habari ikasambaa, na mimi nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo, maana dawa iko, inajulikana, ni kidonge kimoja kwa siku. Madaktari sehemu mbalimbali wakaanza kuwaandikia wagonjwa. Baadaye Waingereza wakasema ngoja tupime kwa watu wengi, wakachukua wagonjwa 3,127 kwenye hospitali 103, utafiti ukaitwa FOCUS, majibu yakatoka mwisho wa 2018: baada ya miezi 6 hakuna tofauti yoyote kwenye kujitegemea. Hakuna. Sonona ilipungua kidogo kwa waliotumia dawa, ila waliovunjika mifupa walikuwa 45 upande wa dawa na 23 upande wa kidonge bandia. Mwaka 2020 tafiti nyingine mbili, moja ya Sweden na nyingine ya Australia, New Zealand na Vietnam, zikasema kitu kilekile, kujitegemea hakukuongezeka. Sasa jiulize, wale waliokuwa wanapewa dawa "kwa sababu ni nzuri" nje ya utafiti wowote, nani alikuwa anahesabu mifupa yao? (Kama mgonjwa wako anatumia fluoksetini kwa ajili ya sonona usimuachishe kwa kusoma hapa, hiyo ni kazi nyingine na inaifanya, ongea na daktari wake.)

Kwa hiyo kundi la kidonge bandia sio kundi la walioonewa. Mara nyingine ndo lenye bahati. Na kuwa kwenye kundi hilo haimaanishi baba hatibiwi, atapata kila kitu ambacho angepata siku zote, dawa ya presha, aspirini kama stroki yake ni ya donge la damu kuziba mshipa, fizio, kila kitu. Hakikisha hilo limeandikwa kwenye yale makaratasi. Kama utafiti unataka baba aache tiba ambayo tayari inajulikana inasaidia ili wao wapime ya kwao, hapo mimi mwenyewe nasimama na kaka yako.

Mengine ya kuuliza, na uulize bila aibu: kamati gani ya maadili imeupitisha huu utafiti na namba ya kuwapata ni ipi; madhara gani yameshaonekana kwa waliotangulia; baba akiumia kwa ajili ya dawa nani anagharamia matibabu; kuna watu wasio wa timu ya utafiti wanaopitia matokeo katikati na wenye mamlaka ya kuusimamisha mambo yakienda vibaya? Tafiti kubwa za maana huwa na watu hao. Na baba ana haki ya kutoka siku yoyote, hata kesho yake, bila kutoa sababu na bila huduma yake kupungua, hilo sio fadhila ya daktari, liko kwenye Azimio la Helsinki ambalo chama cha madaktari cha dunia kilipitisha toka 1964 na limekuwa likiboreshwa mpaka leo.

Kitu kimoja hujasema kwenye barua na mimi kimenigusa. Baba anasemaje? Maneno kutotoka haimaanishi akili haipo. Wengi wenye afasia, yaani stroki iliyogusa uwezo wa kuongea, wanaelewa, hasa ukiongea pole pole, sentensi fupi, jambo moja moja, ukamwandikia au ukamchorea, ukampa njia ya kujibu ndio na hapana kwa kichwa au kidole. Kama kweli hawezi kuamua basi ndugu anayetambulika kisheria ndo anasaini kwa niaba yake, lakini hata hapo akionyesha hataki, hataki. Nimeshaona familia inabishana juu ya kitanda mwenyewe akiwa macho anawaangalia. Mkalisheni baba kwenye hicho kikao.

Ukiniuliza ningekuwa mimi? Majibu ya hayo maswali yakikaa sawa na mzee akakubali, ningesaini.

Mama yangu alilala mzima akaamka saa 12 asubuhi mdomo umeenda upande na mkono haunyanyuki. Tulimfikisha hospitali kubwa saa 2, wakasema ile sindano ya kuyeyusha damu hawawezi kumpa muda umepita. Muda gani umepita wakati tulimkuta saa 12? Mpaka leo moyo unaniuma nahisi walimpuuza.
– Kaka mtu

Kaka yangu, ngoja nikueleze wanavyohesabu, labda moyo utatulia kidogo au labda utajua cha kuuliza. Saa haianzi pale mlipomkuta. Inaanza mara ya mwisho alipoonekana mzima. Kama alilala saa 4 usiku na hakuna aliyemuona katikati, basi kwao stroki ingeweza kuwa imetokea saa 4 na dakika 5, na hapo saa 2 asubuhi ni masaa 10.

Huo ukali umetoka kwenye utafiti wenyewe. Sindano hiyo, alteplesi, ilithibitishwa na utafiti wa Marekani wa NINDS mwaka 1995, watu 624, ndani ya masaa 3, na waliopewa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana baada ya miezi 3. Ila damu kuvuja kwenye ubongo na hali kuwa mbaya zaidi ilitokea kwa asilimia 6.4 ya waliochomwa, kwa wasiochomwa ni 0.6. Sindano ileile inayofungua mshipa inaweza kumwaga damu mahali ambapo ubongo umeshakufa, na kadiri masaa yanavyosogea faida inapungua hatari inabaki palepale. Mwaka 2008 Wazungu wa Ulaya na ECASS III yao wakaonyesha kwamba bado kuna faida mpaka masaa 4 na nusu, ila ndogo kuliko ya masaa ya mwanzo. Na yote hayo ni baada ya CT skani, picha ya kichwa, kuhakikisha kwamba sio stroki ya mshipa kupasuka, maana hiyo ukiichoma hiyo sindano unaweza kumuua mtu.

Sasa upande wa pili, maana sitaki nikutulize kwa nusu ya habari. Watafiti waliliona hilo tatizo la wanaoamka nayo, maana sio wachache. Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa WAKE-UP, wagonjwa 503. Walitumia MRI, mashine nyingine ya kupiga picha ya ubongo, kuna aina ya picha inayoonyesha jeraha la ubongo karibu muda uleule na kuna aina nyingine ambayo jeraha linachukua masaa kadhaa kutokea, ukikuta la kwanza linaonekana na la pili bado, unajua stroki ni changa hata kama haijulikani ilianza saa ngapi. Waliochomwa kwa kupimwa hivyo, asilimia 53.3 walipona vizuri, wenye dawa bandia 41.8. Mwaka huohuo tafiti za DAWN na DEFUSE 3 zikaonyesha kwamba watu wenye donge kwenye mshipa mkubwa, kama picha inaonyesha bado kuna sehemu ya ubongo iliyo hai inayosubiri damu, wanaweza kutolewa donge lenyewe kwa kupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja hadi kichwani, na DAWN walienda mpaka masaa 24. Kwenye DAWN waliojitegemea baada ya miezi 3 walikuwa asilimia 49 dhidi ya 13. Nilipoziona hizo namba mara ya kwanza nilizisoma mara mbili.

Ila angalia masharti: MRI inayofanya kazi saa hiyohiyo, mtu wa kusoma picha, timu ya kupitisha mrija, na mgonjwa ambaye ubongo wake bado una cha kuokoa. Ndo maana siwezi kukuambia walimpuuza na siwezi kukuambia hawakumpuuza. Nenda kaombe faili la mama, uliza CT ilionyesha nini, mshipa mkubwa ulikuwa umeziba au la, na kama kipimo cha kuangalia mishipa kilifanyika. Una haki ya kuelezwa. Na kwa mwingine anayesoma hii, ukimkuta mtu hivyo cha kwanza kujua ni alionekana mzima saa ngapi mara ya mwisho, na anatumia dawa gani, daktari ataanza na maswali hayo.

Mume wangu ana mwaka na nusu sasa. Kwenye kliniki tuliambiwa stroki ikipita miezi 6 kilichorudi ndo hicho, tusipoteze nguvu. Toka siku ile ameacha mazoezi kabisa anakaa tu anaangalia ukuta. Anatembea na fimbo ila mkono wa kushoto anauweka mfukoni kama sio wake. Ni kweli dada?
– Mke, mwenza wa safari hii

Mama, barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikatoka nje kwanza. Hiyo kauli ya miezi 6 imewakalisha watu wengi sana kwenye viti.

Inatoka wapi? Inatoka kwenye kitu cha kweli kilichonyooshwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba ubongo una kipindi ambacho uko tayari zaidi kujipanga upya, na ni mapema. Kuna utafiti mmoja mdogo lakini mzuri wa Marekani, ulitoka 2021, watu 72, waliongezewa masaa 20 ya mazoezi ya mkono juu ya yale ya kawaida, wengine ndani ya siku 30 za mwanzo, wengine kati ya mwezi wa 2 na wa 3, wengine baada ya miezi 6. Waliofaidi zaidi ni wale wa mwezi wa 2 na wa 3, wa siku 30 walifuata, wa baada ya miezi 6 hayo masaa 20 hayakuwaongezea kitu cha kuonekana. Kwa hiyo anayekuambia muda hauna maana anakudanganya pia.

Lakini masaa 20 sio mengi kwa mtu aliyekaa mwaka na nusu bila kutumia mkono. Hospitali ya Queen Square pale London wana programu ya masaa 90 ndani ya wiki 3, na kwenye watu 224 waliopita pale, wengi wao zaidi ya mwaka toka wapate stroki, mkono uliongezeka uwezo na miezi 6 baadaye bado walikuwa nao. Hapo nisikufiche, hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siuweki mzani mmoja na tafiti zenye makundi mawili. Wenye makundi mawili wapo vilevile: EXCITE ya Marekani, 2006, watu 222 waliokuwa miezi 3 hadi 9 toka stroki. Mkono mzima, yaani ule usio na tatizo, ukavalishwa glavu nene karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki 2 ili mbovu ulazimike kufanya kazi, na kila siku ya kazi masaa ya mazoezi na mtaalamu. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele ya wenzao. Na kwenye kuongea, Wajerumani 2017 walichukua watu 156 wenye afasia ya zaidi ya miezi 6, wakawapa tiba ya kuongea wiki 3, masaa 10 au zaidi kwa wiki, na mawasiliano yao yakaongezeka wakati waliokuwa wanasubiri zamu hawakuongezeka. Hawa wote miezi 6 walishaipita au walikuwa karibu nayo.

Sasa huo mkono wa mfukoni. Kuna kitu watafiti wamekiona, kwamba mtu siku za mwanzo anajaribu mkono haujibu, anajaribu tena haujibu, anajifunza kutoutumia, kisha hata nguvu ikirudi kidogo yeye hajui maana ameshaacha kuuliza. Mkono unaweza zaidi ya anavyoutumia. Ile glavu ya EXCITE ilitengenezwa kwa ajili ya hilo. Ila haimfai kila mtu, lazima kiganja na vidole viwe na uwezo wa kunyooka kidogo wenyewe, kama vimekunja kabisa glavu itamtesa tu bure. Na kwa mtu anayetembea na fimbo usimfunge mkono mzima akiwa amesimama, ataanguka.

Kuna jambo linalonisumbua kuhusu kazi yetu wenyewe na nitalisema. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walikaa pembeni ya vikao vya fizio wakahesabu, mkono mbovu ulifanya kazi ya maana wastani wa mara 32 tu kwa kikao. Mara 32! Wanyama kwenye maabara waliobadilika ubongo walikuwa wanafanya mamia. Nilivyosoma hiyo nilianza kuhesabu vikao vyangu na nikabadilisha jinsi ninavyofanya kazi. Ila watafiti haohao, 2016, wakachukua watu 85 wa zaidi ya miezi 6 wakawagawa, wengine marudio 3,200, wengine 6,400, wengine 9,600, wengine zaidi, na kurudia kwingi zaidi hakukuleta nafuu zaidi. Kwa hiyo sio kuhesabu tu. Mimi ninavyoelewa, na hii ni hukumu yangu ya kazi, linalozaa ni kazi yenye maana kwake mwenyewe, iwe ngumu kidogo kuliko anachoweza leo, na ipandishwe kila ikizoeleka. Kufinya kampira mbele ya ukuta mara elfu hakumrudishii mtu kazi ya mkono. Kufunga vifungo vya shati lake, kushika simu na mkono mbovu wakati mzima unabonyeza, kukunja nguo, kufungua kitasa, hizo ndo za kuanzia.

Roboti? Najua mtaniuliza. Uingereza walifanya RATULS, watu 770, majibu 2019, roboti ya mkono haikuzidi huduma ya kawaida. Kuna kifaa kingine kinapandikizwa kifuani kinachochea mshipa wa fahamu wa vagasi wakati mtu anafanya mazoezi, watu 108, 2021, asilimia 47 walipata nafuu ya kuonekana dhidi ya 24, na wote walikuwa miezi 9 au zaidi toka stroki. Marekani wamekiruhusu mwaka huohuo. Sikutajii ili ukakitafute, nakutajia kwa sababu hakuna ambaye angejisumbua kufanya utafiti huo kama mlango ungekuwa unafungwa mwezi wa 6.

Na kabla ya hayo yote, kuangalia ukuta. Mume wako apimwe sonona, ni ya kawaida sana baada ya stroki na inatibika, na mtu mwenye sonona hawezi mazoezi hata umwekee fizio mlangoni. Anza hapo mama.

Mtoto wa dada yangu ni nesi mwanafunzi anasema siku hizi mgonjwa wa stroki anainuliwa siku ileile ya kwanza. Wengine wanasema alale. Wapi ukweli?

Huu ni mfano wa jambo ambalo sisi wa fizio tuliamini kwa moyo wote na tukakosea. Utafiti wa AVERT, ulioongozwa na Profesa Julie Bernhardt wa Melbourne, naye ni mtu wa fizio, watu 2,104 kwenye hospitali 56 za nchi 5. Kundi moja liliinuliwa ndani ya masaa 24 na kuinuliwa mara nyingi zaidi kwa muda mrefu zaidi. Majibu ya 2015: waliokuwa na hali nzuri baada ya miezi 3 ni asilimia 46 kwa walioinuliwa sana, na 50 kwa huduma ya kawaida. Yaani tuliwasukuma tukawaumiza kidogo. Ila hao wa kawaida nao hawakuachwa wamelala, wengi waliinuliwa siku ya kwanza vilevile, tofauti ilikuwa kiasi. Walipochambua zaidi wakaona kuinuka kufupi kufupi mara kadhaa kunasaidia kuliko kikao kimoja kirefu. Kwa hiyo mwambie nesi wetu: masaa 24 ya kwanza usimkimbize, na baada ya hapo usimsahau.

Nimetumiwa tangazo la kliniki inayochoma seli shina kwenye uti wa mgongo, wanasema ni utafiti wa kimataifa na kuna punguzo kwa watakaojiandikisha mapema. Mama mkwe wangu ana miaka 3 na stroki, watoto wako tayari kuuza kiwanja.

Msiuze. Naomba sana.

Nitoe sababu. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinatafitiwa kweli na watu makini. India, utafiti uliotoka 2014, watu 120 walipewa seli kutoka kwenye uboho wao wenyewe au hawakupewa, hakukuwa na tofauti. Utafiti wa MASTERS wa Marekani na Uingereza uliotoka 2017, nao haukuonyesha nafuu kwenye siku ya 90. Wanaendelea kutafuta na ninawaombea wapate, lakini mpaka leo hakuna tiba ya seli shina iliyothibitika kumrudisha mtu wa stroki.

Na hatari ipo. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari ya mzee mmoja wa stroki aliyekwenda kuchomwa seli kwenye uti wa mgongo nchi tofauti tofauti. Akaota uvimbe kwenye uti wa mgongo, na walipopima wakakuta chembe za uvimbe nyingi hazikuwa zake, zilikuwa za aliyetolewa seli. Alikwenda kutafuta mguu na mkono mmoja akarudi na ugonjwa mwingine.

Utafiti wa kweli huwa haukuuzii nafasi ya kujaribiwa, na haukupi punguzo la kuwahi. Waulize usajili wa utafiti wao ni namba ngapi na kundi la kulinganisha ni lipi, mkisikia "kila mgonjwa anapata seli" mjue hapo hakuna wanachokitafuta. Hela ya kiwanja, kama lazima itumike, inunue miezi ya fizio na mtu wa tiba ya kuongea.

Fizio iko mbali na sisi, tunaweza kumfanyia mazoezi baba wenyewe nyumbani ikatosha?

Swali hili lilifanyiwa utafiti, ATTEND, India, hospitali 14, wagonjwa 1,250, majibu 2017. Ndugu wa mgonjwa walifundishwa kufanya mazoezi nyumbani juu ya huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6 waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Niliumia, maana nilitaka sana iwe kweli, ingebadilisha maisha ya watu wengi. Lakini usisome kwamba mikono yenu haina kazi. Somo nililotoa mimi ni kwamba mafunzo machache kwa ndugu hayajazi nafasi ya mtaalamu anayepima na kubadilisha mazoezi kila mgonjwa anavyobadilika. Kwa hiyo hata kama ni mara moja kwa mwezi mfikisheni baba, mpewe mpango wa mwezi mzima, mrudi nao na maswali, na mrekodi video ya anavyotembea mumuonyeshe mtaalamu.

Na kwa yeyote anayemhudumia mtu aliyepooza mkono: msimnyanyue kitandani kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega halina misuli yenye nguvu ya kulishika, linateguka, na maumivu yake nimeyaona yakimzuia mtu kufanya mazoezi miezi. Pitisha mikono yako nyuma ya mabega, mkanda kiunoni, popote ila sio mkono.

Baba amepona kabisa dada, anatembea, anaongea, mwaka sasa. Presha yake ikipimwa ni nzuri kwa hiyo dawa ameacha mwezi uliopita. Sio mbaya eeh?

Ni mbaya, mdogo wangu. Presha ni nzuri kwa sababu ya dawa aliyokuwa anameza. Utafiti wa PROGRESS wa 2001 ulifuata watu 6,105 waliowahi kupata stroki au stroki ndogo ya kupita, kwa karibu miaka 4. Waliopewa dawa za presha, stroki nyingine iliwapata asilimia 10, wasiopewa 14, na faida hiyo waliipata hata ambao presha yao haikuwa juu wakati wanaanza. Stroki ya pili huwa inamkuta mtu mwenye ubongo ulioshajeruhiwa, na wengi ninaowapokea mara ya pili hawarudi walipokuwa mara ya kwanza. Kabla hajaanza tena mwenyewe kwa dozi ya zamani mpeleke akapimwe wiki hii, awaambie ukweli kwamba aliacha na kwa nini aliacha. Kama dawa ilikuwa inamchosha au inamletea kizunguzungu ziko zingine, waseme wambadilishie.